Muhuri Uliokatwa Nusu

Ndugu msomaji, mtu mzima anapofariki dunia, watu wa nyumbani hugawana vitu vyake. Shamba hupata mwenyewe, ng'ombe hupata wenyewe, baiskeli na koti navyo hupata wenyewe. Hubaki sanduku la karatasi. Hilo aghalabu halina anayeliulizia. Hutolewa nje siku ya kufagia, likachomwa moto pamoja na takataka za matanga. Jumapili hii nataka tuzungumze juu ya sanduku hilo.

Hivi karibuni nilikuwa wilayani Kyela, nikafika kwa mwalimu mmoja mstaafu anayeishi upande wa Ipinda. Mzee huyu, ambaye sasa amevuka umri wa miaka 80, hukusanya karatasi ndogondogo ambazo wengine huzitupa. Huziweka ndani ya mabati ya biskuti, juu ya kabati, mbali na sakafu.

Alinifungulia bati la kwanza. Humo mlikuwa na tiketi ya meli iliyokatwa katika bandari ya Itungi, stakabadhi za kodi, na stakabadhi za mpunga uliouzwa kwa chama cha ushirika kabla vyama vikuu havijavunjwa mwaka 1976. Mlikuwa na kadi ya TANU, ambayo mwenyewe aliihifadhi hata baada ya Chama Cha Mapinduzi kuzaliwa tarehe 5 Februari, 1977. Mlikuwa pia na kipande, yaani kadi ya kibarua wa shamba la mkonge, yenye vyumba 30. Kila siku ya kazi iliyokamilika ilitiwa alama katika chumba kimoja, na mshahara ulilipwa vyumba vyote vilipojaa. Vijana wetu hulisikia neno "kipande" katika somo la historia. Mzee huyu analo mkononi, na jasho la mwenyewe bado limeacha doa pembeni.

"Mwalimu," nilimwuliza, "ulianzaje kazi hii?"

"Mwanangu," alinijibu, "nilianza kwa kuharibu."

Kaka yake mkubwa aliondoka nyumbani mwaka 1955 kwenda migodini Afrika Kusini kupitia Wenela, shirika lililokuwa likiandikisha vijana wengi wa Kinyakyusa mpaka uandikishaji huo ulipokomeshwa baada ya Uhuru wa mwaka 1961. Kaka huyo alileta barua tatu, zote zimeandikwa na mwenzake aliyejua kusoma. Zilikuwa na salamu nyingi na maelezo machache. Zilisema kwamba shimo ni refu, kwamba yu mzima, na kwamba fedha zitakuja. Jina la mji halikutajwa. Majibu yalipelekwa kwa karani wa ofisi iliyomwandikisha.

Wakati huo mwalimu alikuwa mtoto wa shule, na wanafunzi walikuwa wameshikwa na mapenzi ya stempu. Stempu za Afrika Kusini zilizotolewa mwaka 1954 zilikuwa na picha za wanyama: pundamilia, chui, kifaru, tembo na simba. Mtoto gani angeziacha? Alichukua wembe, akazikata zote tatu, akaziloweka majini, akazibandika katika daftari. Bahasha alizitupa. Barua zenyewe baba aliziweka katika sanduku lake, nalo lilichomwa moto mwenyewe alipofariki.

Barua ya nne haikuja, wala kaka hakurudi.

Alinionyesha stempu ya kifaru. Juu yake, kwa wino mweusi uliofifia, ipo nusu ya muhuri wa posta. Herufi zinazosomeka ni nne tu: BURG. "Nimezitazama herufi hizi kwa zaidi ya miaka 60," alisema. "Yaweza kuwa Johannesburg. Yaweza kuwa Boksburg. Yaweza kuwa Rustenburg. Miji hiyo yote ina migodi. Nusu ya pili ilibaki kwenye bahasha, na bahasha niliitupa mimi. Mama aliniuliza mpaka anafariki: wewe uliyesoma, mwanangu yuko mji gani?"

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipofahamu kwamba karatasi ndogo inaweza kuwa nzito kuliko jiwe.

Wakusanyaji wa stempu duniani walijifunza somo hili zamani, na mwambao huu wa Ziwa Nyasa ni mfano mzuri. Mwezi Mei, 1916, jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Edward Northey lilivuka mpaka kutoka Nyasaland, likauteka mji wa Neu Langenburg, ambao leo ni Tukuyu. Askari wake walitumia stempu za Nyasaland zilizopigwa chapa ya herufi N.F. Stempu hiyo peke yake yakwambia kwamba palikuwa na vita. Ikiwa bado juu ya bahasha yake, pamoja na muhuri na anwani, yaweza kukwambia ilitumwa lini, kwa nani, na ilipita wapi. Hali kadhalika jina la Langenburg. Kwanza lilikuwa la kituo cha Wajerumani kando ya ziwa, chini ya Milima ya Livingstone, kisha likahamia milimani Tukuyu. Asiyetazama tarehe ya muhuri atachanganya mahali pawili.

Wenzetu wa Ulaya wana desturi ya kubandika ndani ya jalada la kitabu kijikaratasi chenye jina la mwenye kitabu na pengine picha. Vya kale kabisa vinavyojulikana vilitengenezwa Ujerumani katika karne ya 15. Leo wapo watu wanaokusanya vibandiko hivyo tu, kwa sababu hueleza kitabu kilipita mikononi mwa nani. Sisi tunacho cha kwetu. Fungua Biblia ya bibi, utazame ukurasa wa kwanza. Humo mna majina ya watoto, siku walizozaliwa, siku waliyobatizwa na siku waliyofariki. Jalada likichakaa, wengi hununua Biblia mpya na kuitupa ile ya zamani. Wanatupa ukoo.

Kyela ni nchi ya joto na mvua nyingi. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo hufurika, na mchwa hawalali. Kwa hiyo mwalimu alinipa kanuni zake, nami nawapa ninyi. Msiweke karatasi sakafuni wala kuegemeza sanduku ukutani. Tumieni bati lenye kifuniko, na mlifungue mara kwa mara siku kavu, kivulini, ili hewa ipite. Jua kali hufuta wino. Msitumie gundi wala utepe wa kunata, maana baada ya miaka hugeuka kahawia na kula karatasi. Msifunge karatasi yenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki, itaota ukungu. Andikeni maelezo kwa penseli juu ya karatasi nyingine safi: hii ni ya nani, imepatikana wapi. Wenye simu za kupiga picha wapige picha pande zote mbili. Na stempu msiikate kwenye bahasha yake.

Nyaraka za Taifa, zilizoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, huhifadhi majalada ya Serikali. Stakabadhi ya mpunga ya babu yako haimo humo. Usipoitunza wewe, hakuna atakayekutunzia.

Nilipoaga, mwalimu aliirudisha stempu ya kifaru katika bahasha ndogo aliyoikunja mwenyewe. Juu yake ameandika kwa penseli jina kamili la kaka yake, mwaka aliozaliwa, mwaka aliondoka, na maneno haya: "Muhuri nusu. Nilikata mimi."

Nilimwuliza kwa nini ameandika hayo ya mwisho. "Wajukuu watakapoifungua," alisema, "wajue kwamba si wino uliokosekana."

Basi leo, baada ya chakula cha mchana, hebu waulizeni wazazi wenu: sanduku liko wapi? Tukutane Jumapili ijayo.