Gari lililojinyoosha lenyewe

KIJIWENI, na Hamisi Kitenge

Katika filamu ya Commando ya mwaka 1985, Arnold Schwarzenegger anamfukuza mhuni mmoja anayekimbia na Porsche ya njano, mpaka gari linaserereka na kulala ubavu. Ubavu umebondeka vibaya. Arnold anamtoa jamaa, anamning'iniza kwa mguu mmoja ukingoni mwa genge, anamwachia ashuke bondeni. Kisha anarudi, anaisukuma Porsche isimame kwa magurudumu yake, anaondoka nayo. Gari halina hata mkwaruzo.

Penye kiyoyozi na viti vya sponji, kosa hilo linaweza kupita bila mtu kusema kitu. Kwenye kibanda umiza halipiti. Pale watu wamebanana kwenye mabenchi ya mbao, televisheni imewekwa juu ya kabati, mlango umezibwa kwa khanga ili mwanga usiingie, na hakosekani mmoja wa kupaza sauti kutoka nyuma: "Fundi kapita!" Kibanda kizima kinaangua kicheko. Wa mbele naye anajibu kwamba fundi huyo apewe namba, bodaboda yake ina tatizo kama hilo. Kwa dakika nzima hakuna anayesikia Arnold anasema nini, na hakuna anayejali.

Wanaozidharau filamu za mapigano za bei rahisi hawajawahi kukaa kwenye lile benchi. Wanazitazama peke yao, kimya, wanahesabu makosa kama wanasahihisha mtihani, halafu wanatangaza kuwa hazina kiwango. Ni kweli hazina. Steringi hafi, na kila mtu analijua hilo tangu picha inaanza. Maadui ishirini wanamzunguka lakini wanaingia mmoja mmoja kama wako kwenye foleni ya benki. Bastola haiishi risasi mpaka hadithi itake iishe. Mwaka huohuo wa Commando, kampuni ya Cannon ya Menahem Golan na binamu yake Yoram Globus ilitoa American Ninja ya Michael Dudikoff na Invasion U.S.A. ya Chuck Norris, na ndani ya zote mbili mantiki ilipewa likizo. Lakini pengo ambalo mwenye filamu hakuliziba ndilo linalompa mtazamaji kazi ya kufanya.

Afrika Mashariki iliielewa kazi hiyo mapema kiasi cha kuifanya ajira. Dar es Salaam iliwapata akina Lufufu na DJ Mack, Kenya ikampata DJ Afro, na Kampala ikajaa watu wanaoitwa VJ. Kusema kwamba watu hawa wanatafsiri ni kuwapunja. Wanasimulia, wanakejeli, wanampa adui jina la mtaani, na wakiona maongezi yamekuwa marefu wanaweka ya kwao. Mzungu anasema maneno matatu, msimuliaji anasema thelathini, na yale ishirini na saba ya ziada ndiyo watu waliyolipia kiingilio.

Aliyeichukua hali hiyo akaifanya filamu kamili ni Isaac Nabwana, aliyekuwa mfyatua matofali huko Wakaliga, mtaa wa watu wa kipato cha chini jijini Kampala. Utotoni hakuwa akienda kwenye mabanda ya video. Kaka zake ndio waliokwenda, wakirudi wanamhadithia. Ukishalijua hilo, filamu zake zote zinaeleweka: ni kazi za mtu aliyeipokea sinema kwa masikio, na kaka gani anayehadithia picha akasimama kwenye maongezi? Anaruka moja kwa moja kwenye ngumi.

Mwaka 2005 Nabwana alianzisha Ramon Film Productions, jina aliloliunga kutokana na majina ya bibi zake wawili, Rachael na Monica. Mwaka 2010 akatoa Who Killed Captain Alex? Ulimwengu uliambiwa filamu hiyo iligharimu chini ya dola 200 za Marekani. Baadaye mwenyewe akasema zilikuwa 85, ila aliona akitaja ukweli hakuna atakayemwamini.

Bunduki za Nabwana na waigizaji wake ni mbao na vyuma chakavu. Milipuko na helikopta vinatoka kwenye kompyuta aliyoiunga mwenyewe kwa vipuri vya mitumba, na helikopta zinaelea juu ya Kampala kama vibandiko vilivyobanduka nusu. Damu mwanzoni ilikuwa ya ng'ombe, mpaka muigizaji mmoja alipougua kwa sababu yake. Ikabidi watumie rangi nyekundu ya chakula, inayotiwa ndani ya kondomu na kufichwa chini ya nguo. Risasi "ikiingia", kondomu inapasuka, shati linalowa, mtu anaanguka kwenye vumbi. Filamu ikikamilika, waigizaji wenyewe wanazunguka mitaani kuuza nakala kabla wezi wa kazi za watu hawajairudufu.

Juu ya hayo yote inakaa sauti ya VJ Emmie. Anaitangaza filamu huku inaendelea, kama mtangazaji wa mpira aliyelipwa na timu zote mbili. Anamsifia mpigaji, anamsifia anayepigwa, anawakumbusha watu kuwa mambo makubwa yanakuja, anakatiza msiba kwa utani. Mtu anayetazama peke yake chumbani, Kampala au Toronto, anawekewa kelele za kibanda ndani ya filamu yenyewe.

Huko nje wakazipenda. Mwaka 2015 Nabwana aliomba mchango wa dola 160 kwenye intaneti ili atengeneze filamu nyingine. Zikaingia zaidi ya 13,000. Bad Black ilishinda tuzo ya watazamaji kwenye tamasha la Fantastic Fest huko Texas mwaka 2016, na Crazy World ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2019.

Wapo wanaoingiwa na wasiwasi hapo. Wanauliza kama watazamaji wa Texas hawacheki umaskini wa Wakaliga. Wengine bila shaka wanaucheka. Ila Commando ilikuwa na mamilioni ya dola, na kwenye mlipuko wa kambi ya adui, ukiwa na jicho kali, unayaona masanamu yaliyosimamishwa badala ya askari yakirushwa hewani yamekakamaa kama yanavyosimama dirishani kwa muuza nguo. Hakuna aliyeyaona akauonea huruma umaskini wa Hollywood. Alichekwa fundi aliyedhani hatutaona. Nabwana naye anastahili kuchekwa kwa haki hiyohiyo, na tofauti ni kwamba yeye alishaajiri mtu wa kuanzisha kicheko.

Mwandishi wa safu hii anakiri kwamba filamu za mapigano zenye bajeti ya nchi nzima zinamchosha. Jiji linaporomoka, kila tofali limechorwa vizuri, na kwenye benchi hakuna mwenye la kusema.

Nabwana alipomaliza Captain Alex, kompyuta ilikuwa imejaa. Akaifuta filamu apate nafasi ya inayofuata. Nakala iliyosalimika ni ile ambayo Emmie alishaisemea, hafifu, na ya kimya haipo tena. Wapo wapenzi wa sinema wanaosikitika juu ya hasara hiyo. Mtu wa kibanda umiza hajui wanalia nini.

Ndani ya nakala hiyo, Kapteni Alex anauawa mapema tu. Ndugu yake Bruce U, Bruce Lee wa Uganda, anafika kumtafuta muuaji na kupigana na kila anayemkuta njiani, mabomu yanaangukia Kampala, filamu inakwisha, na swali lililo kwenye jina halijajibiwa. Ukiitazama na wenzako watano utatoka na washukiwa watano na ubishi wa kutosha hadi kituo cha daladala. Safu hii nayo ina mshukiwa wake, lakini mhariri anasema nafasi imekwisha.