Kichocheo Hakikai Kando

Katika madaftari mengi ya walimu wanachuo wanaokwenda mazoezi ya kufundisha, kichocheo huelezwa kuwa ni kitu kiongezacho kasi ya mmenyuko wa kikemikali bila chenyewe kushiriki. Nusu ya kwanza ya maelezo hayo ni sahihi. Nusu ya pili si kweli, na mtoto akiikariri katika shule ya msingi hubaki nayo hadi sekondari, ambako mwalimu mwingine atalazimika kuing'oa, akipata wasaa. Maoni yangu ni kwamba maneno "bila kushiriki" yaondolewe katika maandalio yetu ya somo. Kichocheo hushiriki, kisha hupatikana tena mwishoni.

Tuchukue mfano kutoka viwandani. Mwaka 1932, katika mji wa Yaroslavl, katika Urusi ya Kisovieti, kilianza kazi kiwanda cha mpira usiotokana na utomvu wa mti wowote. Mkemia Sergei Lebedev alikuwa ameonyesha kwamba mvuke wa alkoholi, ile ile ipatikanayo kwa kuchachusha viazi au nafaka, ukipitishwa juu ya mchanganyiko wa oksidi za metali katika joto la nyuzi 400 hivi za Selsiasi, hutoa butadieni, gesi ambayo molekuli zake huunganishwa zikawa mpira. Molekuli mbili za alkoholi hutoa moja ya butadieni, mbili za maji na moja ya hidrojeni. Njia hiyo huitwa ya hatua moja, kwa kuwa malighafi huingia katika chombo kimoja na kutoka ikiwa imekwisha kugeuka. Marekani, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ilitumia njia ya hatua mbili: kwanza alkoholi iligeuzwa kuwa asetaldehidi, ndipo asetaldehidi hiyo ikapitishwa pamoja na alkoholi nyingine katika chombo cha pili.

Lakini "hatua moja" hapa ni hesabu ya vyombo, wala si hesabu ya matendo. Ndani ya chombo cha Lebedev alkoholi hupokonywa hidrojeni ikawa asetaldehidi, molekuli mbili za asetaldehidi huungana, maji hutoka, hidrojeni huongezwa, maji hutoka tena. Matendo hayo hufanyika juu ya uso wa kichocheo, ambao huishika molekuli, huibadili, kisha huiachia. Baada ya muda uso huo hufunikwa na kaboni na nguvu yake hupungua, hata ibidi kaboni hiyo ichomwe kwa hewa. Kingekuwa kimekaa kando, kingechokaje?

Simaanishi kwamba butadieni iandikwe ubaoni mbele ya watoto wa darasa la tano. La hasha! Hiyo ni akiba ya mwalimu. Mtoto anacho kichocheo chake kinywani: mate, yenye kimeng'enya kigeuzacho wanga kuwa sukari, hasa maltosi. Zana ni chache: maji ya wanga wa muhogo yaliyochemshwa yakapoa, yawe mepesi sana, chupa tatu ndogo, sahani nyeupe, na iodini iliyozimuliwa hadi ifanane na chai ya rangi. Chupa ya kwanza itiwe maji matupu, ya pili mate, ya tatu mate yaliyokwisha kuchemshwa. Wanafunzi wazishike viganjani zipate joto la mwili, na kila dakika mbili wadondoshe tone la kila chupa juu ya tone la iodini sahanini. Ya kwanza na ya tatu zitaendelea kutoa rangi ya buluu iliyokoza. Ya pili itafifia, mwisho ibaki rangi ya iodini tu. Kila mtoto atumie mate yake mwenyewe, na vyombo vioshwe kwa maji ya moto. (Wanga ukiwa mzito kipindi kitakwisha kabla ya rangi kufifia, na darasa litaamini kwamba mate hayafanyi kitu.)

Rangi ikishafifia, mwalimu asikimbilie kutoa maana. Aongeze wanga kidogo katika chupa ya pili. Buluu itarudi, kisha itafifia tena bila mate mapya kuongezwa. Hapo mtoto ameona kwa macho yake kwamba mfanyakazi yule bado yumo. Chupa ya tatu nayo imemwonyesha kwamba mfanyakazi huyo akiharibiwa kwa moto, kazi husimama.

Wengine hupenda kumfananisha kichocheo na mshangiliaji kando ya uwanja. Mfano huo ndio uletao kosa lile lile. Afadhali mshenga. Yeye huingia nyumbani, huketi mkekani, huyachukua maneno ya huku akayafikisha kule, na harusi ikiisha hurudi kwake akiwa yule yule, tayari kutumwa kwingine. Tena hawezi kuwaoza wasiotakana. Na kichocheo vivyo hivyo hakiwezi kuleta mmenyuko usiowezekana, hufungua njia iliyo rahisi zaidi tu.

Katika jaribio la mwisho wa juma, swali la "Eleza maana ya kichocheo" hupima kumbukumbu tu. Mwulize mwanafunzi hivi: chupa ya pili ilipoongezwa wanga, kwa nini hatukuongeza mate?