Mvivu Mwenye Kompyuta? Acheni Hizo!

Jumamosi iliyopita nilikuwa nakunywa chai kwenye kibanda kimoja hapa Eldoret, karibu na Barabara ya Uganda. Rafiki yangu akaniuliza vile vidonge ninavyomeza asubuhi ni vya nini. Nikamwambia ukweli: nina ADHD, daktari ameniandikia. Akacheka sana. "Wewe huna ugonjwa, boss. Wewe ni mvivu mwenye kompyuta. Na hizo ni dawa za kulevya." Aliyasema hayo shavu lake likiwa limevimba kwa miraa.

Ndugu msomaji, leo sitaandika kuhusu Linux. Nimekasirika kidogo, nivumilie.

Tuanze na huo uvivu. Mwenye ADHD hajakosa umakini. Anao, ila usukani hauko mikononi mwake. Ndani ya mfumo wa kompyuta kuna sehemu inayoamua programu ipi ipate prosesa sasa hivi na ipi ingoje zamu yake. Prosesa yangu ni nzima. Inayoyumba ni hiyo sehemu ya kupanga zamu. Ndiyo maana naweza kusaka hitilafu moja kutwa nzima bila kula, kisha nishindwe kwa wiki tatu kumtumia mteja ankara ambayo ingenilipia kodi ya nyumba. Mvivu hufurahia kutofanya kazi. Mimi nilikuwa nakaa mbele ya ile ankara nikijichukia.

Shuleni nilitibiwa kwa kiboko. Kenya ilipiga marufuku viboko shuleni mwaka 2001, lakini imani iliyokishika kile kiboko bado iko hai: mtoto asiyetulia hana adabu, basi. Kama fimbo ingekuwa tiba ya ADHD, mimi ningekuwa nimepona kabla ya darasa la nne.

Jambo la pili: eti huu ni ugonjwa wa wazungu, umeletwa na intaneti. Daktari George Still alieleza kuhusu watoto wa namna hii jijini London mwaka 1902, kabla ya televisheni, sembuse simu! Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba takriban asilimia 74 ya tofauti kati ya watu katika hali hii inatokana na urithi. Na huku kwetu, watafiti wa KEMRI kule Kilifi wamekuwa wakichunguza jeni za watoto wenye ADHD na hali nyingine za ukuaji wa ubongo katika mradi wa NeuroDev. Hawakwenda Kilifi kutafuta wazungu. Tena haiishi mtu akibalehe. Wengi tunaingia nayo utu uzimani.

Tatu, dawa. Huu ni mji wa wanariadha, na neno doping hapa linamshtua hata mama mboga. Ni kweli, methilifenideti, dawa inayotumika sana kwa ADHD, imo kwenye orodha ya WADA ya vitu vilivyokatazwa wakati wa mashindano. Lakini kanuni hizohizo za WADA huruhusu kibali kwa mwanariadha anayeihitaji kwa matibabu. Mwaka 2016 wadukuzi walipovujisha rekodi za Simone Biles, aliyekuwa ametoka kushinda dhahabu 4 kule Rio, alisema wazi kwamba ana ADHD, anatumia dawa, na haoni aibu. Kibali alikuwa nacho.

Sisemi ni pipi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unaidhibiti kwa sababu inaweza kutumiwa vibaya. Hupunguza hamu ya kula, huweza kukufukuzia usingizi, na daktari lazima apime presha na mapigo ya moyo. Wapo isiowafaa. Shirika la Afya Duniani lilikataa mwaka 2019 na tena 2021 kuiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu, likitaka ushahidi bora zaidi. Huo ni mjadala wa haki. Lakini miraa ina kathinoni, kichangamshi chenye undugu na amfetamini, na wewe unaitafuna bila kipimo wala daktari mpaka usiku wa manane. Halafu unanihubiria mimi!

Nne, nawageukia watengeneza programu wenzangu mnaosema ADHD ni kipaji. Kipaji gani? Mimi kimenipotezea wateja. Na wewe unayeomba kidonge cha mwenzako ili umalize kazi usiku, acha. Video ya dakika moja nayo si kipimo. Daktari huuliza ulivyokuwa utotoni, nyumbani na kazini, na huangalia kwanza kama tatizo ni usingizi au wasiwasi. Hapa mjini, Hospitali ya Rufaa ya Moi ina idara ya afya ya akili. Anzia huko.

Mwisho. Nenda barabara ya Iten alfajiri uwatazame mabingwa. Wanakimbia kwa makundi, wana kocha, wana ratiba. Hakuna anayewaambia, "Kama una nidhamu, kimbia peke yako." Nidhamu tunayoisifu pale imejengwa na watu wengi. Yangu pia. Dawa haiandiki ankara. Inanipa nafasi ya kukaa kitini. Yanayobaki hufanywa na kengele ya simu, orodha ya mambo matatu tu kwa siku, na mtu wa kukaa kando yangu.

Kwa hiyo, rafiki yangu wa Jumamosi, ukitaka kweli kunisaidia, njoo Ijumaa ukae nami nikiandika ankara. Chai nitalipa mimi. Miraa iache nyumbani.