Uchongaji si Neno la Kupitia Tu

Takribani kila kitabu cha utangulizi wa fasihi huanza kwa kuorodhesha sanaa: ususi, ufumaji, ufinyanzi, uchongaji, uchoraji, muziki, kisha fasihi yenyewe. Mwanafunzi huikariri orodha hiyo kwa ajili ya mtihani, akaiacha papo hapo. Akiulizwa tezo na patasi hutofautiana vipi, hubabaika. Hata hivyo, ndiye atakayeandika, bila wasiwasi wowote, kwamba mtunzi fulani amewafinyanga wahusika wake kwa ustadi.

Kufinyanga si kuchonga. Mfinyanzi huongeza: akikosea, hubandua na kubandika upya maadamu udongo ungali mbichi. Mchongaji hupunguza, na kipande kikishatoka hakirudi. Ipo pia njia ya tatu, kusubu, ambapo madini yaliyoyeyushwa humiminwa katika kalibu. Mafundi wa Benin, katika Nigeria ya leo, walitengeneza umbo kwa nta, wakalifunika kwa udongo, wakalipasha moto hadi nta ikayeyuka na kutoka, kisha shaba ikachukua nafasi yake. Kwa hivyo mhakiki anayesema riwaya imefinyangwa na mwenzake anayesema imechongwa wametoa hukumu mbili tofauti kuhusu kazi ya mtunzi. Ni wachache wanaotambua kwamba wamefanya hivyo.

Malighafi nayo ina amri zake. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Kiini chake ni cheusi na ganda la mti lililo karibu na gome ni jeupe, na mchongaji hodari huzitumia rangi hizo mbili badala ya kuifuta mojawapo. Gogo likikaushwa haraka hupasuka, kwa kuwa nje hukauka na kunywea kabla ya ndani. Katika Wamunyu, Ukambani, ambako ufundi huu huhusishwa na Mutisya Munge aliyeupata Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, shoka hutangulia, tezo ikafuata, kisha patasi na kisu, tupa, na mwishowe msasa. (Msasa, kwa hakika, ni mti. Majani yake yenye kukwaruza yalilainisha mbao kabla karatasi ya dukani haijarithi jina.) Kule Tabaka, Kisii, mambo ni mengine kabisa: jiwe ni laini, hulowanishwa ili vumbi lipungue, husuguliwa kwa maji hadi likang'aa, kisha hupakwa nta. Kutoka huko ndiko alikotokea Elkana Ong'esa, ambaye ndege wake wa amani amesimama katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris.

Yamkini atatokea wa kudai kwamba hayo ni ya idara ya sanaa, si ya Kiswahili. Dai hilo ni dhaifu. Wachongaji wa Kimakonde wa Tanzania wameziainisha kazi zao wenyewe kwa Kiswahili: ujamaa ni ule mnara wa watu waliobebana na kushikamana, shetani, mtindo unaohusishwa na Samaki Likankoa, ni viumbe vya ajabu visivyofuata umbile la kawaida, mawingu ni maumbo yasiyoshikika. Hizi ni istilahi za uhakiki. Zimezaliwa karakanani, hazikutafsiriwa na kamati yoyote, na zinaeleweka. Wakati huohuo wasomi wangali wanazozana kuhusu neno lifaalo kwa kila nadharia inayoletwa na meli. Kwa nini riwaya isiyofuata uhalisia isijadiliwe kwa kuilinganisha na mtindo wa shetani, na ushairi usiofungamana na tukio ukalinganishwa na mawingu?

Msamiati huu hautangoja. Muhugu, mti uliopendwa sana na wachongaji wa Kenya, umeadimika, na wengi wamegeukia mwarobaini. Mti unapotoweka, maneno ya kueleza nyuzi zake, mafundo yake na namna unavyopokea tezo hutoweka na wazee walioyatumia. Chama cha wanafunzi hakihitaji ruzuku kubwa ili kuyakusanya. Wachongaji wa ushirika wa Wakamba huko Changamwe, Mombasa, hufanya kazi mchana kutwa mbele ya wageni, na Wamunyu haiko mbali na Nairobi. Kinasa sauti kimoja na madaftari machache vinatosha kwa safari ya kwanza.