Ushoni si hisani

Leo tutasemana, na mwenye kununa anune.

Sisi tunaoshonea nyumbani tumezoea kusema biashara inakwenda kwa sababu tu vitambaa vimejaa kitandani. Ramadhani iliyopita tulishona hadi daku, macho mekundu, na watoto wa watu wakapendeza. Asubuhi ya Idi mmoja wetu alikopa nauli ya kwenda kumwamkia mama yake.

Chuoni tulifundishwa kupima kifua, kiuno na nyonga. Kupima bei hatukufundishwa. Tuliikuta kwa jirani, tukaiiga.

Haya, chukueni kalamu. Tuseme chumba cha kazi ni 60,000 kwa mwezi, umeme 20,000, mafuta na matengenezo ya cherehani 10,000, bando la kutumiana mishono 15,000, rejesho la mkopo wa cherehani 45,000. Hizo ni 150,000, na zinatoka hata usiposhona kitu. Gauni unashona kwa 15,000; uzi, zipu, bitana na kanvasi vinakula 5,000. Inabaki 10,000. Gawa sasa: magauni 15 ndiyo kwanza yamerudisha gharama. Wewe hujala bado. Mpaka hilo la 15 unawashonea mwenye chumba na mwenye mkopo.

Sasa jilipe. Ndiyo, wewe. Ukitaka 300,000 tu kwa mwezi, jumla inakuwa 450,000, yaani magauni 45. Nani kati yetu, mwenye watoto na chungu jikoni, anamaliza zaidi ya gauni moja kwa siku? Ukipumzika Ijumaa unabaki na siku 26. Kwa hiyo si uvivu, wala si husuda ya jirani. Ni bei. Ukishona kwa 23,000 inabaki 18,000, na magauni 25 yanatosha.

Mtasema wateja watakimbia. Wengine watakimbia, kweli. Lakini hao wa 15,000 hata wakijaa mpaka barazani, mikono ni miwili.

Na wifi je? "Nipunguzie elfu tatu tu, sisi si watu mbali." Hiyo elfu tatu haitoki kwenye uzi wala zipu. Inatoka kwenye ile 10,000 yako, karibu theluthi yake. Na dukani kwa kitambaa wifi huyo huyo kalipa bila kupepesa macho!

Kuna wanaosema kupiga hesabu hivi ni kukosa tawakali. Aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika deni. Sisi madeni ya magauni tunayaweka kichwani, tunaona haya kuyadai, halafu tunajifariji kuwa tumefanya hisani. Ukitaka kumshonea yatima bure, mshonee, Mungu akulipe, lakini liandike daftarini kuwa umelitoa.

Kwetu kuanzia mwezi ujao gauni la kawaida ni 23,000, nusu inalipwa kabla mkasi haujagusa kitambaa. Wifi naye yumo.