Nyumba za Printa Zimefika Kilifi, Lakini Makongeni Shida Yetu ni Haraka

Najua ushaona ile video: fremu kubwa ya chuma inatema konkriti laini, ukuta unapanda tabaka juu ya tabaka kama dawa ya meno inafinywa, na hakuna fundi ameshika mwiko. Hiyo si Dubai. Ni hapa Kenya, Kilifi, kwa mradi unaitwa Mvule Gardens. Kampuni ya 14Trees ilipanga nyumba 52 pale, na mapema 2023 kumi za kwanza zilikuwa zimesimama. Kabla ya hapo, 2021, wasee hao hao walichapisha kuta za shule huko Salima, Malawi, kwa saa 18 pekee.

Sasa swali la mtaa: hiyo form inaweza kufika Garissa Road, pale flati mpya zinachipuka kila Phase kama sukuma wiki baada ya mvua?

Jibu langu ni kwamba printa inaweza kungoja. Kuna kitu kingine kinatuhusu zaidi, na kiko kwa hadiwea ya jirani yako.

Tuanze na jina 14Trees. Kampuni ilianzishwa na Holcim, majitu ya simiti kutoka Uswisi, pamoja na British International Investment, mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Uingereza. Jina linatoka Malawi, ambako nyumba nyingi hujengwa kwa matofali ya kuchoma na tanuru zinakula kuni vibaya sana. Hesabu yao ilikuwa kwamba ukitumia tofali lao la udongo na simiti kidogo, lisilochomwa, nyumba moja inaokoa hadi miti 14. Hesabu poa. Lakini adui kwa hiyo hesabu ni tofali la kuchoma.

Angalia ukuta wa keja yako. Kuna uwezekano mkubwa nyuma ya hiyo plasta kuna jiwe la machimbo, lile la Ndarugo, hapo tu pande za Juja. Hilo jiwe halikuingia tanuru. Lilikatwa, likapakiwa lori, likafika. Simiti kwa huo ukuta ni ya kuunganisha mawe na plasta basi. Ukileta printa uweke ukuta wa konkriti mahali pa jiwe, unaweza jipata umeongeza simiti badala ya kupunguza.

Simiti ya flati zetu iko kwa msingi, nguzo, biimu na slabu. Printa ya Kilifi inachapisha kuta za nyumba za chini. Hiyo ni kazi tofauti kabisa na kubeba orofa tano za mabedsita.

Na mbona watu wanalia na simiti? Kwa sababu ndani yake kuna klinka. Unachukua chokaa ya mawe, unaipika kwa joto la karibu digrii 1,450, na lile jiwe lenyewe linaachilia kaboni likiiva. Hata ukipika kwa sola, hiyo kaboni ya jiwe bado itatoka. Tani moja ya klinka hutoa zaidi ya kilo 800 za hewa ya kaboni. Ndio maana simiti inabeba karibu asilimia 8 ya kaboni yote ambayo binadamu wanatoa. Ndege zote duniani ni kama asilimia 2.5.

Kwa hivyo dawa ni kupunguza klinka. Hapa ndio stori inanoga, juu hiyo dawa iko mtaani tayari. Soma mfuko wa 32.5. Ukiona maandishi ya CEM IV/B na herufi P, jua kuna pozolana ndani, yaani mawe laini ya volkano yaliyosagwa. Kiwango kinaruhusu pozolana kati ya asilimia 36 na 55. Karibu nusu ya mfuko! Linganisha na 42.5 ya CEM II/A-P, ambayo pozolana yake ni asilimia 6 hadi 20. Kumbe ule mfuko wa bei nafuu, ule fundi anaita "ya plasta", ndio wa kijani zaidi. Hakuna mtu amewahi kuutengenezea video.

Lakini pozolana haina haraka. Klinka ndiyo inashika mapema. Pozolana hungoja klinka ikutane na maji kwanza, halafu ndio inaanza kazi yake polepole, wiki baada ya wiki, na inataka konkriti ibaki na unyevu muda wote huo. Ikikauka, kazi inasimama. Hiyo namba 32.5 yenyewe hupimwa siku ya 28, kwa maabara. Fundi akitoa mbao siku ya saba bado hajapata hiyo 32.5.

Sasa ingia mjengo wowote. Mwenye ploti ana mkopo benki na anataka wapangaji jana. Fundi analipwa kwa orofa. Saa nane jua limewaka, mchanganyiko ni mzito, msee wa mkono anaongeza karai la maji ndio iteleze. Slabu inamwagwa Ijumaa, Jumatatu mawe yanapandishwa juu yake. Mbao zinatolewa kabla ya wakati kwa sababu zinahitajika orofa inayofuata. Na kama kwa nguzo waliweka 32.5 mahali pa 42.5 ili kuokoa doo, wamechukua simiti inayotaka subira wakaipa kazi ya haraka.

Siwezi kukuambia kila jengo lililoanguka liliangushwa na aina ya mfuko. Huruma, Aprili 2016, mvua kubwa iliangusha jengo lililokuwa kando ya mto na karibu watu 50 wakafa. Kirigiti, hapa hapa kaunti yetu ya Kiambu, Septemba 2022, jengo lililokuwa linajengwa liliangukia majirani waliolala. Ninachosema ni kwamba tukipigia debe simiti ya kijani bila kuongea kuhusu siku na maji, tutakuwa tunaongeza risk kwa watu ambao hawakuulizwa.

Sheria si ya zamani tena. Kanuni mpya za ujenzi zilianza kutumika Machi 2025 kuchukua nafasi ya zile za 1968. Lakini karatasi haimwagilii slabu maji.

Kwa hivyo rada ni hii. Kama unatafuta keja kwa jengo jipya, angalia lile bango la mjengo: jina la injinia liko? Namba ya NCA iko? Kama hakuna bango, hapo usitoe dipoziti. Kama wewe ni msee wa mjengo, soma mfuko kabla ya kuufungua, na usikubali kuongeza maji ndio kazi iende mbio. Kama unasave ujenge, muulize injinia kuhusu maxpan, yale matofali yenye mashimo yanayopangwa ndani ya slabu. Yanachukua nafasi ya konkriti mahali haihitajiki, kwa hivyo unapunguza simiti na uzito pia. Halafu weka kwa bajeti kodi ya mbao za wiki kadhaa zaidi, na mtu wa kumwaga maji asubuhi na jioni.

Printa ya Kilifi ikifika Garissa Road tutaenda kuitazama wote. Kwa sasa, ule mjengo uko nyuma ya keja yako: mbao zao zilikaa siku ngapi?