Wakikwambia "We'll get back to you", uliza lini

Umevaa shati la kuazima. Umelipa nauli ya asubuhi, ambayo sote twajua hupanda mvua ikinyesha. Umeketi mbele ya watu watatu, ukajibu kila swali. Mwishowe mmoja anafunga faili na kutabasamu: "We'll get back to you." Unatoka ukiwa na furaha. Wiki tatu baadaye bado unalala na simu kando ya mto.

Hebu tukiangalie hiki kitenzi, maana shuleni tulikikariri tu. "Get back" peke yake ni kurudi, kama kurudi nyumbani. Ukisema "get my money back", unataka urejeshewe pesa zako. Ongeza "to": "get back to work" ni kurejelea kazi uliyokatiza, na "get back to" mtu ni kumpa jibu baadaye. Chunga hako ka-neno ka mwisho. "Get back at" ni kulipiza kisasi. Ukimwandikia mwajiri "please get back at me", umemwomba alipize kisasi dhidi yako! Na "get back together" ni wapenzi kurudiana. Hiyo peleka kwa ex wako.

Sasa ona: kitenzi chaahidi jibu, lakini hakina siku. Hapo ndipo maofisi hujificha. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda. Nimeambiwa maneno hayo mara sita, na walionijibu ni wawili tu. Mmoja wao alisema hapana. Maze, nilimshukuru kwa dhati, kwa sababu siku hiyohiyo niliacha kungoja nikaanza kusaka kwingine.

Ndiyo maana nasema hapana si tusi. Kimya ndicho tusi. Mwajiri, SMS ya "samahani, nafasi imejazwa" haifiki hata bei ya mandazi.

Nawe unayetarmac, wakikwambia hivyo usitabasamu tu ukaenda. Uliza kwa heshima: "Nitarajie jibu lini?" Wakikupa siku, iandike. Ikipita, wapigie mara moja. Wakinyamaza, jibu umepata, songa mbele.

Halafu tusijifanye ni maofisi pekee. Sisi nasi tuna letu: "nitakucheki". Kuna mtu ulimwambia hivyo mwezi uliopita na bado anangoja. Mcheki leo, hata kama ni kumwambia haitawezekana.